Safu ya Kulia: Uhakiki wa Daftari la Maneno

Wahakiki wa jarida hili wamezoea kuhakiki vitabu vilivyochapishwa. Katika makala haya nimeamua kuhakiki kitabu ambacho hakina mchapishaji, hakina bei wala jalada la maana, na hata hivyo kinasomwa hapa chuoni kuliko riwaya yoyote tunayopangiwa. Nazungumzia daftari la maneno. Kila mwanafunzi wa fasihi ya Kiingereza ninayemfahamu analo, au aliwahi kuwa nalo. Nenda kwenye vimbweta jioni, upepo wa Dodoma ukianza kupeperusha karatasi, utawakuta wenzetu wamelifungua: kushoto neno la Kiingereza, kulia neno la Kiswahili, katikati mstari uliopigwa kwa rula. Wapo wanaolikariri kwa sauti kama watoto wanaoimba tebo, na wapo wanaolifunga haraka wakiona mtu anakuja.

Sitahakiki daftari la mtu mwingine. Si haki, na wala sina haja, maana ninalo la kwangu, nililolianza kidato cha tano nikaja nalo hadi mwaka wa pili wa chuo. Nimelisoma upya lote kwa jicho lile lile tunaloambiwa tulitumie kwa kazi ya fasihi: fani yake, maudhui yake, kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Matokeo hayakunifurahisha.

Kisa kilichonifanya nilifungue kwa jicho hilo ni hiki. Tulikuwa kwenye semina, tunajadili Things Fall Apart ya Chinua Achebe, riwaya iliyotoka mwaka 1958. Tulikuwa tumefika pale ambapo Okonkwo, bado kijana na hana kitu, anakwenda kwa Nwakibie kuomba mbegu za viazi vikuu. Anapewa mbegu mia nane. Mwaka huo unakuwa mbaya kuliko miaka yote ambayo watu waliikumbuka: kwanza jua kali, halafu mvua isiyokatika. Mimi nikanyoosha mkono. Nilikuwa nimejiandaa bwana, nimepiga msuli usiku kucha. Nikasema, kwa ung'eng'e wa kutosha, kwamba mwandishi anatuonyesha "starvation" katika jamii ya Umuofia. Nikaketi, nimeridhika.

Mhadhiri wetu akauliza kwa Kiswahili, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi: "Njaa ipi?"

"Njaa, Dokta."

"Nimekusikia. Nauliza ipi. Wewe si mtu wa huku huku?"

Darasa likacheka. Nami nikacheka nao, maana ningefanya nini?

Usiku nikalifungua daftari. "Hunger", kidato cha tano: njaa. "Famine", kidato cha sita: njaa. "Starvation", mwaka wa kwanza wa chuo: njaa. Maneno matatu, yamekusanywa kwa zaidi ya miaka miwili, na kila moja nililiandika nikiamini kwamba nimeongeza kitu. Kwa hesabu ya daftari ninayo maneno matatu. Kwa hesabu ya akili ninalo moja, limevaa mashati matatu.

Turudi kwa Achebe tuone hasara yake. Katika mwaka ule wa Okonkwo watu wanaumia, na mkulima mmoja anajinyonga. Lakini kinachomkaba Okonkwo si tumbo. Kilichoharibika shambani ni mbegu, tena nyingine ni za kuazima, na aliyeziazima ni mtoto wa baba ambaye maisha yake yote alikuwa mtu wa madeni. Hapo ndipo pana uzito wa sehemu hiyo. Kijana anaweza kula akashiba na bado mwaka ukawa umemwangamiza. Mtu wa kanda ya kati angeliona hilo haraka kuliko mhakiki wa London. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia kama Desemba hadi Aprili, na sehemu kubwa ya mkoa haipati zaidi ya milimita 600 kwa mwaka. Mkulima wa uwele au mtama wa Chamwino au Bahi anajua tofauti ya mwaka wa kupunguza milo, mwaka wa kuuza mbuzi, mwaka wa kula mbegu, na mwaka wa kufunga mlango na kuhama. Mimi nimekulia katika maarifa hayo. Nilipofika semina niliyaacha nje, kwa sababu daftari langu lilikuwa limekwisha nifundisha kwamba yote hayo ni njaa, basi.

Wagogo hawakuridhika na neno moja. Njaa kubwa walizipa majina kama watu wanavyopewa majina. Njaa ya miaka ya 1917 hadi 1920 inaitwa Mtunya. Haikuletwa na mvua peke yake. Ilikuwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na majeshi, la Wajerumani kisha la Waingereza, yalichukua ng'ombe, yakachukua nafaka, yakachukua wanaume kuwa wapagazi. Mvua ilipokataa hapakuwa na akiba ya kushika. Ukisema Mtunya umesema vita, umesema mifugo iliyoswagwa, umesema ukame na watu waliotawanyika, vyote kwa mpigo mmoja. Mwanahistoria Gregory Maddox alipoandika juu ya njaa hiyo katika jarida la Kiingereza mwaka 1990, hakuliacha jina hilo nyuma. Aliliweka mwanzoni kabisa mwa kichwa cha makala yake, "Mtunya", halafu ndipo likafuata neno "famine". Huyu ni mtu ambaye Kiingereza chote ni chake! Angeweza kuchagua neno lolote. Aliona kwamba la Kigogo lina kitu ambacho la kwake halina, akalibeba.

Nikaendelea kusoma daftari. Sitamchosha msomaji kwa kila ukurasa, ila huu wa "jealousy" na "envy" siwezi kuuacha. Yote mawili nimeyaandikia "wivu". Kwa daftari hilo niliandika insha nzima juu ya Othello ya Shakespeare nikidai kwamba Iago na Othello wanasumbuliwa na jambo moja. Si kweli hata kidogo. Othello anaogopa kunyang'anywa alicho nacho. Iago anachukia kwamba Cassio amepewa cheo ambacho yeye hakupewa. Wa kwanza ana wivu. Wa pili ana husuda. Na hapa ndipo nilipostuka: tofauti hiyo sikuwa na haja ya kwenda Uingereza kuitafuta, Kiswahili kinayo tangu zamani. Kina wivu, kina husuda, kina kijicho, kina kuona gere, kina kulia ngoa. Bibi yeyote wa mtaani anajua kwamba mke mwenye wivu na jirani hasidi ni watu wawili tofauti, na hawakwepwi kwa njia moja. Laiti ningeandika "husuda" kwenye safu ya kulia, insha yangu isingepotea njia.

Sasa naweza kusema nilichokiona. Tunapolalamika kwamba wanafunzi wa Tanzania hawana msamiati wa Kiingereza, macho yetu yote yako safu ya kushoto. Tunahesabu maneno ya kushoto, tunashindana kwa maneno ya kushoto, anayeleta neno geni zaidi ndiye mbabe wa kimbweta. Lakini daftari langu limeharibikia kulia. Kiingereza changu kimekwama pale pale Kiswahili changu kilipokwama. Neno la kushoto linaweza kuwa kubwa kama Mlima Kilimanjaro. Likifika kulia likakuta kibanda cha neno moja, litalala humo humo.

Najua wataalamu wa kufundisha Kiingereza wana hesabu zao, na si mbaya tukazitazama. Michael West alichapisha mwaka 1953 orodha ya maneno kama 2,000 aliyoona kuwa ndiyo yanayofanya kazi kubwa katika lugha hiyo. Averil Coxhead wa New Zealand alitoa mwaka 2000 orodha ya familia 570 za maneno ya kitaaluma, yaani yale yanayorudi rudi katika vitabu vya chuo vya kila somo. Paul Nation, wa New Zealand vile vile, alikadiria mwaka 2006 kwamba kusoma riwaya bila msaada kunahitaji familia kati ya 8,000 na 9,000. Mwenzetu mmoja aliposikia takwimu hiyo alikaa akapiga hesabu: maneno kumi kwa siku, siku 800, zaidi ya miaka miwili, ilimradi usisahau hata moja. Akaanza siku hiyo hiyo. Nilimheshimu kwa hilo, sitanii. Ila nilipotazama daftari lake jipya, kulia mlikuwa na neno moja moja, kama kwangu.

Hesabu hizo zina siri ambayo mara nyingi hatuioni. Kamusi kubwa tunayobanana nayo maktaba, ile ya Oxford ambayo jina lake linasema ni ya wanafunzi waliosonga mbele, haikuanzia Oxford. Ilianzia Japani, kwa A. S. Hornby na wenzake waliokuwa wakifundisha huko. Ilitoka mara ya kwanza Tokyo mwaka 1942, Oxford wakaitoa mwaka 1948. Walioifanya walikuwa na wanafunzi kama sisi, watu wenye lugha yao tayari. Longman nao walipotoa kamusi yao ya wanafunzi mwaka 1978, walifafanua maneno yao yote kwa kutumia maneno mepesi yapatayo 2,000 tu. Fikiria maana yake. Neno gumu linasimama juu ya mabega ya mepesi. Anayedharau mepesi hataweza hata kuisoma kamusi yenyewe, atabaki kunakili neno asiloelewa kwa msaada wa maneno aliyoyaruka.

Na ukweli ni kwamba riwaya tunazozipenda hazikuandikwa kwa maneno ya vimbwetani. Kiingereza cha Achebe katika Things Fall Apart ni chepesi. Kama ni kutafuta maneno ya kutisha, utatoka humo na nusu ukurasa. Ugumu wake uko kwingine. Achebe naye alikuwa na safu mbili! Kushoto maneno ya Kiigbo, kulia Kiingereza, na alipoona kulia hapatoshi aliliacha neno la Kiigbo likae katika sentensi kama mgeni aliyekataa kuvua viatu. Matoleo mengi yana faharasa nyuma. Litazame neno "agbala". Faharasa inaeleza kwamba ni mwanamke, na pia hutumika kwa mwanamume asiye na cheo. Sawa. Sasa rudi ndani ya riwaya, umwone Okonkwo mtoto anavyoambiwa na mwenzake wa kucheza kwamba baba yake ni agbala, na ndivyo anavyoijua kwa mara ya kwanza maana hiyo ya pili ya neno hilo. Kuanzia hapo mtu huyu anaishi akikimbia neno moja, na mbio hizo ndizo zinazomfikisha alikofika. Faharasa ina maana ya neno hilo. Haina aibu yake. Mwanafunzi aliyeandika "agbala: mwanamke" daftarini hakukosea, lakini pia hajasoma.

Wapo watakaosema kwamba neno la kulia ni suala la kamusi tu: fungua ile ya Johnson ya mwaka 1939, au ya TUKI ya mwaka 1996, chukua kilichoandikwa, endelea na maisha. Kwao naleta Mwalimu Nyerere na tafsiri yake ya The Merchant of Venice, iliyotoka mwaka 1969. Neno "merchant" halina ugumu wowote. Mtoto wa sekondari atakwambia ni mfanyabiashara. Kiswahili cha pwani kilikuwa pia na "tajiri", ambalo huko kwenye Kiarabu lilikotoka ndilo neno hasa la mfanyabiashara. Mwalimu aliyapita yote mawili akaandika Mabepari wa Venisi. Miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, kila msomaji alijua bepari ni nani. Halafu kuna lile "ma-" la mwanzo. Kwa Shakespeare mfanyabiashara ni mmoja, naye ni Antonio. Kwa Mwalimu ni wengi, na kwa herufi mbili tu Antonio muungwana amewekwa benchi moja na Shylock mkopeshaji. Unaweza kumpinga. Mimi mwenyewe naona jina hilo linamwonea Antonio kidogo, na linamfunga msomaji kabla hajafungua pazia. Lakini hakuna atakayesema kwamba mtu huyu hakulijua neno "merchant". Alilijua kiasi cha kuweza kugombana nalo. Huo ndio ninaouita msamiati wa juu, na angalia ulikoonekana: upande wa kulia.

Hapa hapa kwetu tuna mfano ambao hatuutumii. Mathias Mnyampala alizaliwa Dodoma mwaka 1917, Mtunya ikiingia, akafa mwaka 1969. Alikuwa Mgogo. Kiswahili kwake kilikuwa lugha ya kujifunza, kama Kiingereza kilivyo kwetu. Mtu huyu aliandika Historia, Mila na Desturi za Wagogo mwaka 1954, akatunga diwani, akawa kiongozi wa UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi, na ndiye tunayemtaja tunapotaja ngonjera. Watu wa mwambao, waliozaliwa ndani ya lugha, walikaa wakamsikiliza Mgogo. Alipataje maneno yale?

Sina daftari lake, wala sidai kujua kama alikuwa nalo. Ila nafahamu kazi aliyojipa. Shairi la mapokeo la mizani kumi na sita, lenye kina cha kati na cha mwisho, halikubali neno la kwanza linalokuja kichwani. Umeandika "njaa", sasa unahitaji mengine yanayoishia vile vile, na yabebe wazo lako, na yatimize mizani nane za kipande. Utalazimika kwenda kuyatafuta. Utauliza wazee, utasoma waliokutangulia, utalipima neno hili na ndugu zake wote kabla ya kuliweka. Kila ubeti ni safu ya kulia iliyojazwa hadi pomoni. Halafu ngonjera ni majibizano: unachosema kinajibiwa hadharani, na neno ulilolitumia vibaya linarudishwa kwako na mpinzani mbele ya watu. Huwezi kukariri ngonjera ukaacha neno usilolielewa, utaumbuka. Na hiyo historia ya Wagogo aliyoiandika kwa Kiswahili ilikuja kutafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1995, na aliyeitafsiri ni Maddox yule yule wa Mtunya. Kiingereza kilipanda treni kikaja Dodoma kujifunza kutoka kwa safu ya kulia ya Mnyampala.

Isifikiriwe kwamba nataka kuwafanya washairi wa mapokeo kuwa malaika. Nao wana ugonjwa wetu. Zipo beti ambamo neno la Kiarabu lisilojulikana na mtu limechomekwa ili kuokoa kina, na mtunzi anatembea kifua mbele kama mwanafunzi aliyetamka "quintessential". Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 na kutetea ushairi unaotumia lugha ya kawaida ya watu, sehemu ya ugomvi wake ilikuwa na tabia hiyo. Neno gumu la kujificha ni gumu la kujificha, liwe limetoka Muscat au limetoka London.

Na sisi tunajificha. Nitajitaja mwenyewe. Katika insha moja ya kurasa nane nilitumia "quagmire" mara tatu. Daftari langu linasema "tope". Juzi nilizichukua sentensi zile tatu nikazirudisha kwa Kiswahili, neno kwa neno, nikapata mhusika mkuu aliyezama katika tope la ukoloni mamboleo, jamii iliyozama katika tope la mila, na, jamani, mwandishi aliyezama katika tope la dhamira. Kwa Kiswahili ningeona haya kuyaandika hayo. Kwa Kiingereza niliona nimepaa. Tangu siku hiyo naifanyia kila sentensi yangu jaribio hilo. Nikiona haya upande wa kulia, naifuta upande wa kushoto. Insha zangu zimekuwa fupi sana. Alama hazijapanda kiasi hicho, kwa wanaotaka kujua.

Nimelieleza wazo hili kwa wenzangu na nimepingwa, tena vikali. Dada mmoja wa darasa letu, ambaye Kiingereza chake nakihusudu (naam, husuda, nimelichagua neno), aliniambia: "Kaka, mtihani ni wa Kiingereza. Usaili wa kazi ni wa Kiingereza. Wewe ukae unahesabu aina za wivu kwa Kiswahili, wenzako watakuwa wameshaajiriwa." Akaongeza kwamba lengo ni kufikiri kwa Kiingereza moja kwa moja, na kwamba safu ya kulia ni mkongojo: ukiuzoea hutatembea.

Hoja ya mkongojo naiheshimu. Inawezekana iko siku nitasoma "famine" na moyo ukashtuka bila kupitia njaa. Lakini siku hiyo hailetwi kwa kujifanya imeshafika. Mtoto aliyesoma miaka saba ya msingi kwa Kiswahili, akaingia kidato cha kwanza akakuta kila somo ni Kiingereza isipokuwa Kiswahili chenyewe, ana safu ya kulia kichwani, apende asipende. Asipoiandika vizuri itajiandika vibaya. Na kuhusu mtihani, huo umekuwapo kabla sijazaliwa. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari nazo zihamie Kiswahili, pendekezo likawekwa kando. Zaline Roy-Campbell na Martha Qorro waliandika kitabu kizima mwaka 1997 juu ya jinsi wanafunzi wanavyonakili ubaoni wasichokielewa. Mjadala huo ni mkubwa kuliko jarida letu na sitaumaliza hapa. Ninachokataa ni lile wazo kwamba Kiswahili na Kiingereza vinagombea kiti kimoja kichwani, ukikiongeza kimoja kingine kinaanguka. Gabriel Ruhumbika aliandika Village in Uhuru kwa Kiingereza mwaka 1969, baadaye akaandika kwa Kiswahili, halafu akaichukua riwaya kubwa ya Aniceti Kitereza na kuitia katika Kiingereza kutoka Kikerewe. Mtu huyo alipunguza nini?

Kuna hoja nyingine ya yule dada ambayo sijaijibu, na afadhali niseme hivyo. Alisema Kiswahili chenyewe tunachofundishwa cha fasihi hakijatulia. Ni kweli. Sekondari tulifundishwa kwamba "tashtiti" ni kuuliza swali ambalo jibu lake linajulikana. Nimefika chuo nakuta wahakiki wengine wanaita "tashtiti" kile ambacho Kiingereza kinakiita "satire". "Irony" nayo, huyu anasema kejeli, yule anasema kinaya, wa tatu anasema yote mawili ni sawa. Sasa safu ya kulia niijaze na ya nani? Wahadhiri wanaosoma jarida hili, hili ni lenu. Sisi tunaweza kuhesabu aina za njaa, lakini istilahi za taaluma hatuwezi kuzikata kwenye kimbweta.

Daftari jipya nimelianza muhula huu. Sikupiga mstari katikati. Kila neno la Kiingereza lina ukurasa wake, na ukurasa unajazwa taratibu, kwa maneno, kwa sentensi, na kwa jina la mhusika niliyemkuta nalo. Kwa mwezi mzima nina kurasa kumi na nne tu. Yule mwenzetu wa maneno kumi kwa siku anakaribia 300 na ananicheka. Ukurasa wa "famine" una Mtunya, baa la njaa, mwaka wa kula mbegu, na Okonkwo akiwa na mbegu zake za kuazima. Nilidhani "groundnut" haitahitaji ukurasa, maana "groundnut" na "peanut" kweli zote ni karanga. Lakini mwenyeji wa Kongwa alinikumbusha mpango wa Waingereza wa kulima karanga pale, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951 baada ya kumeza takriban pauni milioni 36, na jinsi huko kwao neno hilo lilivyobaki kuwa jina la ubadhirifu wa serikali. Basi nayo imepata ukurasa.

Ukurasa wa "lonely" ndio unaonisumbua. Niliandika "mpweke", nikalifuta, nikaandika "mkiwa", nikalirudisha la kwanza. Upweke ni wa mtu ambaye wenzake hawapo. Ukiwa nausikia kama wa mahali pia, wa nyumba iliyohamwa, wa boma ambalo ng'ombe wake walichukuliwa. Kiingereza kinaruhusu neno lile lile kwa mtu na kwa barabara. Nimemuuliza yule dada, akasema ataleta jibu Jumatatu.